Pengo si mwanya

Msomaji mpenzi, bila shaka umewahi kuhudhuria mazishi ukasikia watu wakisema kwamba marehemu "ameacha pengo". Mimi nilikuwa katika matanga fulani, akasimama shemejiye mjane, akajikohoza, akasema: "Ndugu yetu ametuachia mwanya mkubwa." Akina mama waliokuwa mkekani wakatazamana. Mjane akainamisha kichwa.

Je, maneno haya mawili ni mamoja?

Tuanzie kinywani yalikozaliwa. Pengo ni mahali palipokuwa na jino, na sasa jino halipo. Mtoto wa miaka 6 au 7 ana mapengo. Babu naye anayo, na meno yakimwisha yote huitwa kibogoyo. Mwanya ni ule uwazi mdogo baina ya meno mawili ya mbele, ambayo yameota hivyo yenyewe. Hapo hakuna kilichopotea. Isitoshe, ni urembo. Msichana mwenye mwanya husifiwa akicheka. Hebu mwambie ana pengo, uone!

Najua msomaji wa kutoka Nyanza atanikatiza. Zamani Waluo waling'oa meno 6 ya chini kuonyesha kwamba kijana ameingia utu uzima, nao Wamaasai waling'oa mawili. Wazee husema kwamba hata mgonjwa wa pepopunda, taya zikimbana, aliweza kunyweshwa uji kupitia hapo. Naam, ilikuwa fahari, lakini hata hivyo ni pengo, kwani meno yaliota kisha yakatolewa.

Kutoka kinywani maneno hayo yakaenda mbali. Kwa kuwa pengo ni la kitu kilichopotea, mtu akifa au akistaafu tunatafuta wa kuliziba. Mwanya nao ni mahali pa kupenya. Mshambuliaji akiuona kati ya walinzi, hufunga bao. Wakili mjanja huutafuta katika sheria. Mwizi huupata mlinzi anaposinzia. Pengo hulililiwa, mwanya hutumiwa. (Na usichanganye ngeli: pengo hili, mapengo haya, mwanya huu, mianya hii.)

Turudi matangani. Marehemu alikuwa ameacha shamba zuri kando ya barabara, na watoto wake walikuwa wangali wadogo. Nilimgeukia bibi mmoja aliyeketi karibu nami, nikamnong'oneza kwamba yule bwana amekosea neno.

"Hajakosea, mwanangu," akanijibu. "Amesema la moyoni mwake."