Taarifa za Mgonjwa Aliye ICU: Je, Tuwape Watafiti?



Familia moja imetuuliza. Mzee wao amelazwa chumba cha wagonjwa mahututi, yuko kwenye mashine ya kupumulia, hajitambui. Kijana wake mdogo kaletewa karatasi atie saini ili presha ya baba, vipimo vyake vya damu na dawa alizopewa vitumike katika utafiti. Kaka mkubwa kakataa: huko ni kutoa siri ya mzazi.

Kaka ana msingi. Siri ya mgonjwa ni amana, na daktari anayeitoa bila ya sababu inayokubalika kisheria amefanya khiyana. Majmaa ya Kimataifa ya Fiqhi ya Kiislamu ililiamua hilo katika kikao chake cha 8, Brunei, mwaka 1993, ikabagua hali ambazo madhara ya kuficha yanazidi madhara ya kusema. Lakini linaloulizwa hapa ni jengine: taarifa ikishaondolewa mwenyewe, bado ni siri?

Tutazame kwetu. Mwaka 1952 watu wa Newala na Masasi, kwenye uwanda wa juu wa Makonde, waliingiliwa na homa iliyowakunja viungo. Jina chikungunya limetoka kwenye lugha yao, kwa namna mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu. Daktari Marion Robinson aliziandika dalili za wagonjwa. Lumsden, wa taasisi ya virusi ya Entebbe, akaandika ugonjwa ulivyoenea, na Ross akakipata kirusi katika damu iliyotolewa mwaka 1953. Ugonjwa ulipoingia Lamu mwaka 2004, na Ngazija mwaka uliofuata, madaktari walikuwa na pa kuanzia. Waliolazwa kitandani Newala wamewafaa watu wa visiwani ambao hawakuwahi kuwaona. (Azimio la Helsinki, linalotaka mgonjwa aombwe idhini, lilikuwa bado, limekuja 1964.)

Kwa hiyo inajuzu, na inatarajiwa kheri ndani yake, kwa sharti mgonjwa asijulikane. Na hapa ndipo penye kazi. Hospitali ya Beth Israel Deaconess ya Boston, Marekani, na chuo cha MIT wanawapa watafiti kumbukumbu za wagonjwa mahututi zaidi ya 40,000; majina yameondolewa na tarehe zote zimesogezwa. Boston ni mji mkubwa. Sisi, ukiandika “mvuvi, miaka 83, shehia fulani ya Micheweni, kalazwa wiki ya Idi,” umeshamtaja. Kufuta jina peke yake hakutoshi kisiwani.

Muulizeni daktari: shehia, kazi na tarehe zitaondolewa? Nani atazishika taarifa, na zitapelekwa nje ya nchi? Kamati ya maadili ya utafiti wa afya imepitisha? Asiyeweza kujibu haya asipewe saini. Na mkikataa, matibabu ya mzee yasipungue hata kidogo.

Anayetia saini anasimama mahali pa baba, si mmiliki wa siri yake. Kama mzee alikuwa akisema maradhi yake yasitolewe nje, basi ni hivyo, hata watoto wote wakubali. Akizinduka, aulizwe mwenyewe, na akikataa, waombeni watafiti waziondoe taarifa zake.

Kijana asitie saini leo. Akae kwanza na kaka yake na mama yao, kisha waende kwa daktari pamoja.

Wallaahu a‘lam.