Wanakikundi Wakigombana, Nani Awapatanishe na Vipi?

BismiLlaahir-Rahmaanir-Rahiym

Mtu wa Ukerewe anayekwenda Bunda au Musoma huvuka kutoka Rugezi hadi Kisorya kwa kivuko. Waliogombana hupanda chombo kimoja, huswali msikiti mmoja na huzikana. Kisiwani hakuna pa kukwepana. Kwa hiyo wanachama wawili wa kikundi cha wavuvi, au cha kuweka na kukopa, wakinuniana, ugomvi hauishii kwao. Wake zao huacha kuazimana vyombo, watoto hukatazwa kucheza pamoja, na kikundi hugawanyika.

Kupatanisha si hiari ya wazee peke yao. Katika Suuratul-Hujuraat, Aayah ya 10, Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa) ametaja kuwa Waumini ni ndugu, kisha Akaamrisha wapatanishwe. Aayah mbili zinazofuata zinakataza yale yanayowasha moto wenyewe: dharau, majina mabaya, dhana, kupelelezana na kusengenyana.

Tutazame alivyofanya Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam).

Kwanza, alikwenda mwenyewe. Bani 'Amr bin 'Awf wa Qubaa waligombana hadi wakarushiana mawe. Alipopata habari alitoka na baadhi ya Maswahaba kwenda kuwasuluhisha. Wakati wa Swalah uliingia hajarudi, ikabidi Abu Bakr (Radhwiya Allaahu 'anhu) aanze kuswalisha.

Pili, aligawa mzigo kwa pande zote mbili. Ka'b bin Maalik alimdai Ibn Abi Hadrad deni lake msikitini, sauti zikapanda. Mtume alimwashiria Ka'b apunguze nusu, naye akaridhia. Hapo hapo mdaiwa akaambiwa ainuke alipe iliyobaki. Aliyesamehewa hakupewa mwanya wa kuchelewesha tena.

Tatu, alifundisha kuchunga ulimi. Katika Hadiyth ya Ummu Kulthuum bint 'Uqbah, anayepatanisha watu kwa kufikisha neno la kheri hahesabiwi kuwa ni mwongo. Basi ukisikia mmoja amemtaja mwenzake kwa wema, mpelekee. Ukisikia tusi, lizike. Anayelibeba tusi kutoka nyumba hii hadi ile ni mfitini, hata kama alilosema ni kweli.

Suluhu ina mipaka yake: haihalalishi haramu. Mdaiwa hawezi kuongezewa muda kwa sharti la kulipa zaidi ya deni, kwani hiyo ni ribaa. Mwenyekiti naye hawezi kusamehe fedha za kikundi kana kwamba ni zake. Ridhaa ni ya wanachama wenye mali. Na palipo na kupigwa au kujeruhiwa, vyombo vya sheria vihusishwe. Aliyeumizwa asishurutishwe kunyamaza kwa jina la amani.

Kwa walionuniana wenyewe, Hadiyth ya Abu Ayyuub imeweka kikomo: si halali Muislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, wakikutana huyu akageuka na yule akageuka. Mbora wao ni anayeanza kutoa salaam. Hakuambiwa mbora ni mwenye haki katika kesi. Kwa hiyo usingoje mpaka ijulikane nani mkosa. Deni litazungumzwa na wavu ulioharibiwa utalipwa, lakini salaam haisubiri hukumu.

Wa-Allaahu A'lam.