Mlembe, Ndege Aongozaye Watu Kwenye Asali

Yupo ndege mdogo wa rangi ya kijivu na hudhurungi, ambaye urefu wake ni kadiri ya inchi 8, naye huitwa mlembe, au kiongozi. Hukaa katika sehemu nyingi za Afrika zenye miti, kusini ya jangwa la Sahara.

Chakula akipendacho ni nta na majana ya nyuki. Mahali pa nyuki apajua, lakini hana nguvu za kupasua gogo wala moshi wa kuwafukuza. Kwa hiyo humjia mtu akipiga kelele, huruka mti hata mti akionyesha manyoya meupe ya mkia, na kumngojea. Mtu hutwaa asali, na ndege hula masega yaliyoachwa. Mwaka 1989 wataalamu H. A. Isack na H.-U. Reyer walieleza kwamba Waborana wa kaskazini ya Kenya, wakitafuta peke yao, walitumia karibu saa 9 kupata nyuki. Wakiongozwa na mlembe, kama saa 3 tu.

Hata hivyo, rafiki huyu wa watu ni adui wa ndege wenzake. Hajengi kiota, bali hutaga katika mashimo ya keremkerem, hudihudi na wengineo. Kinda lake huzaliwa na kulabu kali mdomoni, nalo huwaua makinda wa mwenye nyumba, kisha hulishwa peke yake. Ajabu ni kwamba walezi hao hawajui kuongoza watu, lakini likikua huongoza.

Katika Kisii na Nyamira mashamba ni madogo na watu ni wengi, na mahali pengi miti ya asili imekatwa, ikapandwa mikaratusi. Mkaratusi una faida zake, lakini ukikatwa ungali mchanga hauwi na mvungu. Mvungu wa mti mkongwe ni nyumba ya nyuki, tena ni nyumba ya ndege wengi ambao mlembe huwaachia mayai yake. Mti huo ukianguka, wote huhama.

Basi mwenye mti wa namna hiyo kando ya kijito au mlimani asiukate kwa haraka. Naye arinaye asali azime moto wake kabisa, asije akauteketeza mti, na amwachie ndege sega lake, kwa kuwa huo ndio ujira wake.