Vani za mizigo ya haraka Marekani: dereva hulipwa lini, na lini halipwi

Swali hili tumelipokea kwa namna mbalimbali. Jamaa yuko Marekani, ameambiwa akinunua vani ya mizigo atalipwa dola moja na zaidi kwa kila maili, na sasa anaomba ndugu nyumbani wamchangie malipo ya kwanza ya gari. Je, kazi hiyo ipo? Ipo. Tueleze inavyokwenda.

Kiwanda cha magari hakiweki akiba kubwa ya vipuri. Huletewa kadiri kinavyotumia. Kipuri kimoja kikikosekana, kazi ya kuunganisha magari inaweza kusimama, na kila dakika ni hasara. Lori linalokusanya mizigo ya wateja wengi litachelewa. Basi huitwa vani, ikapakia paleti moja, mbili au tatu, ikaenda moja kwa moja bila kupitia ghala lolote. Wanaozijua pikapu za miraa zinazokimbia kutoka Maua kwenda Nairobi wataelewa upesi, ila huku kinachoharibika si jani, ni ratiba ya kiwanda.

Mara nyingi dereva si mwajiriwa. Gari ni lake, mafuta na matengenezo ni juu yake. Amejiunga na kampuni ya usafirishaji, ambayo humpatia kazi na kubaki na sehemu ya malipo. Kazi huingia kwenye simu: mzigo uko wapi, unakwenda wapi, maili ngapi, bei gani. Ana dakika chache za kujibu, hata ikiwa ni saa nane usiku. Akichelewa, anapewa mwingine.

Sasa hesabu. Tuseme analipwa dola 1 kwa maili, safari ni maili 500. Kuufuata mzigo ameendesha maili 150 gari likiwa tupu, na baada ya kushusha anaendesha nyingine 200 kufika mji wenye viwanda. Amepata dola 500 kwa maili 850, yaani kama senti 59 kwa maili. Humo atoe mafuta, tairi, bima na mkopo wa gari. Kwa kuwa amejiajiri, hulipa mwenyewe mchango wa pensheni na bima ya afya ya wazee, takriban asilimia 15 ya faida, kabla ya kodi ya mapato.

Na kuna kungoja. Akishusha mahali pasipo na mizigo, anaegesha kwenye kituo cha malori na kulala nyuma ya gari, siku moja au mbili. Kwa kawaida muda huo hakuna anayeulipia.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni usingizi. Sheria ya serikali kuu ya Marekani humzuia dereva wa lori la mizigo kuendesha zaidi ya saa 11 kabla ya kupumzika saa 10 mfululizo. Lakini kanuni hiyo huanzia kwenye magari yenye uzito ulioidhinishwa wa pauni 10,001, karibu kilo 4,536. Vani nyingi ziko chini ya hapo, kwa hiyo, isipokuwa imebeba shehena hatari inayolazimu vibao vya onyo, hazibanwi. Kutoka Laredo, mpakani na Mexico, hadi Detroit ni zaidi ya maili 1,500. Wakala anaweza kutaka mzigo ufike kesho yake, na hakuna kifaa ndani ya gari kitakachomwambia dereva asimame. Ni yeye na macho yake, huku mkopo ukimsubiri.

Kabla hamjafanya mchango, mwulizeni jamaa yenu: mkataba unasema nini kuhusu maili tupu? Bima ya mzigo inalipwa na nani? Akikataa safari kwa sababu amechoka, atanyimwa zinazofuata? Akisitasita kwenye hili la mwisho, awatumie picha ya ukurasa wa mkataba unaolihusu.