Alama z, Eneo Chini ya Mkunjo wa Kawaida na Usomaji wa Takwimu za Udumavu

Alama z ya mtoto hupatikana kwa kutoa wastani rejelezi katika kimo chake, kisha kugawa tofauti hiyo kwa mkengeuko sanifu. Alama hiyo huonyesha mahali alipo mtoto. Sehemu ya watoto walio chini yake ni eneo lililo kushoto kwake chini ya mkunjo sanifu wa kawaida, wenye umbo la kengele, na husomwa katika jedwali.

Kwa viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006, mvulana wa miezi 24 mwenye kimo cha sentimita 81 ana alama z ya −2, kwa kuwa wastani ni 87.1 na mkengeuko sanifu ni takriban 3.05. Aliye chini ya −2 huhesabiwa kuwa amedumaa. Eneo la kushoto kwa −2 ni 0.0228, yaani asilimia 2.3 tu.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 nchini Tanzania ulikuta udumavu wa asilimia 30 kwa watoto walio chini ya miaka mitano. Jedwali likisomwa kinyume, eneo la 0.30 hulingana na −0.52. Iwapo mkengeuko sanifu umebaki 1, wastani wa watoto hao ni −2 + 0.52, yaani −1.48. Eneo la kushoto kwa 1.48 ni 0.9306, hivyo takriban watoto 93 katika 100 wako chini ya wastani rejelezi.

Kwa hiyo, mkunjo mzima umesogea kushoto. Sera inayowalenga waliovuka mpaka wa −2 peke yao huwaacha wengi walioathirika.