Kwa nini mtaa hukatiwa umeme ili nchi isizame gizani

KUKATIKA kwa umeme mtaani aghalabu huhesabiwa kuwa uzembe. Hata hivyo, wakati mwingine hukatwa kwa makusudi ili kuiokoa nchi nzima.

Dhamana hiyo ni ya wasimamizi wa uendeshaji wa gridi katika Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO), ambao kituo chao cha udhibiti kiko Ubungo, Dar es Salaam.

Umeme wa gridi huzalishwa na kutumika papo hapo. Kipimo cha uwiano huo ni mizunguko 50 kwa sekunde. Mtambo mmoja wa Bwawa la Julius Nyerere una uwezo wa megawati 235. Ukizimika ghafla, mizunguko hushuka. Mitambo mingine isipoweza kuziba pengo hilo, baadhi ya laini hukatwa ndani ya sekunde chache, mara nyingi na vifaa vinavyojiendesha vyenyewe.

Zisipokatwa, mitambo iliyobaki hujizima mmoja baada ya mwingine ili isiharibike. Aprili 1, 2024, hitilafu katika gridi iliiacha sehemu kubwa ya nchi gizani.

Baada ya hapo laini hurejeshwa hatua kwa hatua, kwani pupa yaweza kuuangusha mfumo tena.