Mteja Wako Ako New York? Chanuka Kabla Saa Moja Ikukoseshe Kazi

Kama unaandikia wateja wa majuu programu ukiwa hapa Nairobi, hii ni yako. Programu yako inaweza kuwa fiti tangu Novemba, alafu Jumatatu moja ya Machi ikuitishe kwa mkutano wakati wenzako washaaga na kutoka. Na hakuna kitu umegusa. Ni saa ya mteja ndio imesonga.

Iko hivi. Kenya tuko masaa 3 mbele ya UTC, ile saa moja ya dunia nzima ambayo kompyuta hupimia wakati. Hiyo haibadiliki mwaka mzima. Tuko karibu na ikweta, mchana wetu hauongezeki wala kupungua sana, so hatuna haja ya kusongesha saa. New York ni story ingine. Jumapili ya pili ya Machi wanasongesha saa mbele, Jumapili ya kwanza ya Novemba wanairudisha. Mwaka wa 2026 hizo ni Machi 8 na Novemba 1. Kwa hivyo wakati wa baridi wako nyuma yetu masaa 8, na wakati wa joto masaa 7.

Sasa cheki ngori inaanzia wapi. Mteja amesema mkutane kila Jumatatu saa tatu asubuhi yake, yaani 09:00. Februari hiyo ni 17:00 hapa kwetu. Ukiandika "jumlisha masaa 8" na ukaiacha hivyo, Machi 9 mkutano unaanza 16:00 na wewe unaingia 17:00. Mteja hatangoja umueleze mambo ya jua. Ataona tu msee wa kuchelewa, na kibarua kinaenda.

Hata ile hesabu ya "siku ni masaa 24" hukudanganya. Huko New York, Machi 8 ina masaa 23, juu saa inaruka kutoka 02:00 hadi 03:00. Ukichukua 09:00 ya Machi 7 ujumlishe sekunde 86,400, unaangukia 10:00 ya Machi 8. Novemba 1 nayo ina masaa 25, na 01:30 inafika mara mbili. Manze, ukirekodi hiyo bila kusema ni gani, hakuna mtu atajua.

Dawa iko, na si ngumu:

Kitu imeshatokea, kama malipo au meseji, ihifadhi kwa UTC. Igeuze kuwa saa ya mtu wakati wa kumwonyesha tu.

Kitu ya mbele, kama huo mkutano, hifadhi saa ya mteja pamoja na jina la mahali: 09:00, America/New_York. Usiweke -5, juu hiyo namba haijui Machi ikifika. Python iko na zoneinfo tangu toleo la 3.9, na wewe ni Africa/Nairobi.

Ukitaka kesho, ongeza siku moja kwa kalenda ya huko, si sekunde.

Na usasishe data ya saa kwa seva yako, juu serikali hubadilisha sheria. Misri ilikuwa imeacha kusongesha saa, ikarudia 2023.

Kabla uachilie programu, ijaribu na Machi 8 na Novemba 1. Ikipita hizo mbili, lala poa.